Nani Anasema "Mimi"? Kumbukumbu ya Kurithi katika Ushairi wa Kiyahudi

Usiku wa Pasaka, kwenye meza ya Wayahudi, pamoja na mkate usiotiwa chachu na mboga chungu, huwekwa kitabu kiitwacho Hagada. Ndani yake mna agizo lililotoka kwenye Mishna, mkusanyiko wa sheria uliokamilishwa yapata mwaka 200: katika kila kizazi, mtu hana budi kujiona kana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetoka Misri. Si mababu zake, yeye. Mtoto akiuliza maana ya chakula kile, mzazi hujibu kwa maneno ya Kutoka 13:8, kwamba ni kwa ajili ya yale Mungu aliyonitendea mimi nilipotoka Misri. Anayesema hivyo huenda ni daktari wa meno wa Buenos Aires. Anasema "mimi", anasema "nilipotoka", na hakuna mezani anayeshtuka.

Kitabu hichohicho kinataja watoto wanne, mmoja wao mwovu. Ukilitazama juujuu, kosa lake ni dogo mno. Anauliza, "Ibada hii ina maana gani kwenu?" Hakutukana, hakususia chakula. Amesema "kwenu" tu, na kwa neno hilo amejitoa. Jibu analopewa ni kali: Mungu alinitendea mimi, si yeye, angekuwako kule, asingekombolewa.

Ndiyo maana nasema anayetaka kusoma ushairi wa Kiyahudi wa miaka themanini hii aanze na nafsi kabla ya kuanza na historia. Waliosoma fasihi Kenya wana neno zuri la shule, nafsineni: yule anayesema ndani ya shairi, ambaye si lazima awe mtunzi. Katika ushairi huu karibu kila swali gumu ni la nafsineni. Nani anasema "mimi"? Alikuwapo? Kama hakuwapo, neno hilo amelipata wapi, na amelipata kwa haki gani?

Damu peke yake haijibu. Maimonides, mwanazuoni aliyefariki Misri mwaka 1204, aliulizwa na mwongofu mmoja, Obadia, kama anaruhusiwa kusema kwenye sala "Mungu wa baba zetu" ilhali baba zake hawakuwa Wayahudi. Akamjibu aseme yote kama yalivyo, kwa sababu Ibrahimu ni baba wa kila anayeshika njia yake. Kwenye maneno ya kutolewa Misri alimpa hiari: akipenda kubadili abadili, asipobadili hakuna ubaya. Jibu hilo lina watu wake hata huku kwetu. Kule Mbale, Uganda, Abayudaya ni jamii iliyoanza na Semei Kakungulu mwaka 1919, na wanaimba Zaburi kwa Kiganda. Idi Amin aliipiga marufuku dini yao nao wakaiendeleza kwa siri. Nyimbo zao zilitolewa katika albamu mwaka 2003, na ukizisikiliza huwezi kusema "sisi" ile ni ya kuazima. Imerithiwa kwa maneno, na kwa kuyalipia.

Mambo yaligeuka baada ya 1945, yaani baada ya Maangamizi, mauaji ya Wayahudi wa Ulaya yaliyofanywa na Wanazi. Safari ya kutoka Misri haina shahidi aliye hai, kwa hiyo "mimi" wa Pasaka hamdanganyi mtu. Lakini mtoto aliyezaliwa Tel Aviv au Brooklyn mwaka 1950, akiandika "nilipanda treni", ile ya kwenda kambini, mama yake aliyeipanda kweli yuko jikoni na anamsikia. Halafu lipo jambo la pili. Pasaka inamwamuru mzazi asimulie, ilhali katika nyumba nyingi za walionusurika Maangamizi wazazi walinyamaza. Mtoto alirithi hofu ya kubisha hodi, mikate iliyofichwa kabatini, majina yasiyotajwa, bila kupewa kisa. Mtafiti Marianne Hirsch, mzaliwa wa Romania, aliipa hali hiyo jina la kitaaluma miaka ya 1990, jina ambalo kwa Kiswahili tungesema kumbukumbu ya baada. Mimi napendelea kutazama watunzi wanavyofanya kazi yenyewe, na kipimo changu ni kimoja: shairi linaloonyesha mshono baina ya aliyeona na aliyerithi husimama, na linaloficha mshono huo huanguka hata kama machozi yake ni ya kweli.

Chukua shairi la Haim Gouri liitwalo "Yerusha", neno la Kiebrania lenye maana ya urithi. Gouri alizaliwa Tel Aviv mwaka 1923, hakupita kambini. Mwaka 1947 alitumwa Ulaya kufanya kazi na walionusurika, na mwaka 1961 aliripoti gazetini kesi ya Eichmann, afisa wa Wanazi. Shairi limo katika kitabu chake cha 1960. Linasimulia upya Mwanzo 22, kisa ambacho Wayahudi hukiita Akeda, yaani kufungwa kamba, kwa sababu katika kisa chao Isaka alifungwa tu na hakuchinjwa. (Msomaji Mwislamu atakuwa na Ismaili akilini na Idi ya kuchinja. Asimfukuze, maana kondoo ni yuleyule.) Gouri anasimulia kwa utulivu karibu wa kuchosha. Kondoo dume alifika mwisho wa yote. Mzee Ibrahimu hakujua kwamba ndiye jibu la swali la kijana. Isaka hakutolewa sadaka, aliishi miaka mingi, akaona mema. Vitenzi vyote viko wakati uliopita. Kisha saa ile Isaka anawaachia uzao wake, na mshororo wa mwisho unaruka wakati: wanazaliwa na kisu moyoni.

Kiebrania kinatumia hapo umbo la kitenzi lisilojifunga na siku, "noladim". Mfasiri wa Kiswahili analo kifaa kinacholingana nalo vizuri kuliko lugha nyingi za Ulaya, yaani hu- ya mazoea: huzaliwa na kisu moyoni. Hu- haina nafsi wala tarehe. Akiandika "walizaliwa" ameua shairi, akiandika "wanazaliwa" amelipunguza hadi habari ya leo. Kwenye kisu chenyewe kuna kazi zaidi. Kiebrania cha kila siku kina "sakin", lakini Gouri ametumia "maakhelet", neno la nadra lililomo katika Mwanzo 22 kwenyewe, lenye mzizi mmoja na kitenzi cha kula. Msomaji wa Kiebrania akilisikia tu, yuko mlimani na Ibrahimu. "Kisu cha kuchinjia" kinafika karibu, ingawa mlio wa kula unapotea.

Na tazama nafsi. Gouri hakuandika "huzaliwa na kisu moyoni mwangu". Ameandika "wao", yeye ambaye hakufungwa kamba na mtu. Mshono uko wazi.

Shairi la pili nitakaa nalo zaidi, kwa sababu sijui jingine fupi lenye kazi nyingi hivi, na kwa sababu Kiswahili kinalipokea kwa namna ya ajabu. Dan Pagis alizaliwa Radauti, jimbo la Bukovina nchini Romania, mwaka 1930. Miaka kadhaa ya utoto wake ilipita katika kambi kule Transnistria. Alifika Palestina mwaka 1946, akajifunza Kiebrania akiwa kijana, na akaishia kuwa bingwa wa ushairi wa Kiebrania wa zama za kati hadi alipofariki mwaka 1986. Yeye ndiye mwenye haki zote za kusema "mimi nilikuwapo". Lakini katika kitabu chake cha 1970 aliweka shairi la mishororo 6, maneno 19, ambamo anayesema si yeye.

Jina la shairi kwa Kiebrania ni maneno manne: limeandikwa kwa penseli ndani ya behewa lililofungwa kwa lakiri. "Limeandikwa" na nani, halisemi. Penseli hufutika. Behewa limefungwa, sasa maandishi haya yametufikiaje? Kabla ya mshororo wa kwanza tumeshapewa hati ambayo haikupaswa kuwepo. Ndipo sauti inaanza: hapa, ndani ya shehena hii, mimi Hawa, pamoja na Habili mwanangu. Neno ni shehena, "mishloach", mzigo uliotumwa. Anayesema amejiita kwa lugha ya karani wa reli. Ukifasiri "msafara" au "safari" umewapa abiria tiketi.

Kiebrania hakihitaji kitenzi baina ya "mimi" na "Hawa", na Kiswahili nacho hakikihitaji. "Mimi Hawa" inakaa kama ilivyo, ilhali Kiingereza hulazimika ama kuongeza kitenzi ama kusikika kama kigugumizi.

Kisha Hawa anageuka kusema na watu nje ya behewa: mkimwona mwanangu mkubwa. Ni nyingi, "ninyi", na Kiswahili kinaionyesha ndani ya kitenzi chenyewe. Kiingereza kina "you" moja kwa mmoja na kwa umati, kwa hiyo msomaji wake hajui kama ameitwa peke yake au na wenzake. Sisi tunajua, tumeitwa wote.

Mwana huyo ni Kaini, na hapa ndipo ninapotaka kila mpenzi wa Kiswahili asimame. Pagis anamwita "kayin ben adam". Ben adam ni mwana wa Adamu, baba yake halisi katika kisa. Papo hapo ni neno la kawaida la Kiebrania kwa mtu yeyote yule. Muuaji ni mtoto wa nyumba hii na ni mtu kama watu. Wafasiri wa Ulaya hulazimika kuchagua: wakisema mwana wa Adamu wanapoteza "mtu", na wakisema mtu wanapoteza baba. Kiswahili hakichagui. Binadamu ni bin Adamu, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, na mwanadamu ni mwana wa Adamu kwa Kibantu chetu. Andika "Kaini mwanadamu" na umemaliza. Huhitaji tanbihi.

Mshororo wa mwisho: mwambieni kwamba mimi. Basi. Hakuna nukta. Tuliofundishwa mishororo toshelezi na mishata, yaani isiyojitosheleza, tutautambua huu kuwa mshata ulioachwa mwisho wa shairi, mahali ambapo mshata haukai. Kosa analoweza kufanya mfasiri hapo ni kuongeza nukta tatu. Nukta tatu ni sauti inayofifia yenyewe, na hii imekatwa. Vilevile asikimbilie kumaliza sentensi, "kwamba mimi nampenda" au "kwamba mimi nimekufa". Ukirudi juu utaona kwa nini iliachwa wazi: "kwamba mimi" inaungana na "hapa, ndani ya shehena hii, mimi Hawa", na shairi linazunguka bila kutoka. Lisome kwa sauti mara tatu mfululizo bila kupumzika baina ya mwisho na mwanzo. Utaisikia reli.

Kwa hiyo mtu aliyeona kwa macho yake amekwenda kuchukua "mimi" ya mama wa kwanza wa Biblia. Amerithi sauti kutoka juu, kutoka kwenye andiko, akaitia ndani ya behewa. Watunzi wa kizazi cha pili walijifunza hapo.

Urithi mwingine ni lugha, na huu huuma kwa namna yake. Irena Klepfisz alizaliwa mwaka 1941 ndani ya ghetto ya Warszawa, mtaa ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi. Baba yake, Michał Klepfisz, mhandisi na mwanachama wa Bund, chama cha kisoshalisti cha Kiyahudi, aliuawa siku ya pili ya maasi ya ghetto, Aprili 20, 1943. Mama na mtoto walijificha wakijifanya Wapolandi, na baada ya vita wakapitia Sweden hadi Marekani mwaka 1949. Kwa sababu ya kujificha huko, lugha yake ya kwanza ilikuwa Kipolandi. Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki ambayo wenyewe huiita "mame-loshn", lugha ya mama, alikikuta baadaye. Lugha ya mama kwake ni lugha ya kujifunza.

Shairi lake "Etlekhe verter oyf mame-loshn", maneno machache ya lugha ya mama, limejengwa kama ukurasa wa kamusi. Kushoto neno la Kiyidi, kulia maana yake kwa Kiingereza: mwanamke wa Kiyahudi, mbeya, mke. Karibu yote ni majina waliyobandikwa wanawake. Maana za Kiingereza zinaanza fupi kisha zinatanuka, zinabishana na kamusi. Halafu tafsiri inapungua. Maneno yaleyale yanarudi, sasa bila msaada, ndani ya sentensi za Kiyidi kuhusu mwanamke na kazi zake za nyumbani, hadi mwisho ambapo Kiyidi ni kitupu na mwanamke yule anaota, anaota, anaota. Na unaelewa! Shairi limekufundisha kila neno ulilohitaji. Anayesoma kwa kuruka safu ya kamusi, akidhani ni utangulizi tu, anafika mwisho kipofu. Hili ni jibu la kiufundi kwa mzazi aliyenyamaza: hukupewa lugha, basi ingia darasani mbele ya msomaji, naye ajifunze pamoja nawe.

Tusidhani kila urithi wa Kiyahudi ni wa Maangamizi ya Ulaya. Wayahudi wa Iraki, Moroko na Yemen walifika Israeli na Kiarabu vinywani, lugha iliyokuwa ya nyumbani na ya adui kwa wakati mmoja. Erez Biton, mzaliwa wa Oran mwaka 1942 wa wazazi Wamoroko, aliyepofuka akiwa mtoto kwa mlipuko wa bomu la mkono, aliingiza Kiarabu cha Moroko ndani ya shairi la Kiebrania katika kitabu chake cha kwanza mwaka 1976. Ilimchukua Israeli hadi 2015 kumpa tuzo yake kuu. Almog Behar, aliyezaliwa 1978, hakukipata Kiarabu cha babu yake kwa ukamilifu, na ameandika shairi linaloanza kwa kukiri kwamba Kiarabu chake ni bubu. Kinajificha, kinajifanya Kiebrania, na mtu akibisha hodi kinanong'ona "ahalan, ahalan". Msomaji wa Mombasa au Unguja hahitaji kuambiwa maana. Tena Kiebrania katika shairi hilo ni kiziwi. Lugha bubu na lugha kiziwi ndani ya kifua kimoja: hapo mshono hauonyeshwi tu, ndio mada.

Wapo walioamua kumfuta "mimi" kabisa. Charles Reznikoff, Mmarekani aliyesomea sheria, alichapisha mwaka 1975, mwaka mmoja kabla ya kufa, shairi refu la sehemu 12 lililotolewa lote katika kumbukumbu za mahakama: kesi za Nuremberg na kesi ya Eichmann. Kazi yake ilikuwa kuchagua, kukata, na kuvunja sentensi katika mishororo. Hakuna tashbihi hata moja ya kupamba. Sehemu mojawapo inaitwa "Burudani", na jina hilo halifafanuliwi. Ukisoma yaliyomo unaelewa nani alikuwa akiburudika. Jerome Rothenberg, ambaye wazazi wake walitoka mji usio mbali na kambi ya mauaji ya Treblinka, alikwenda njia ya hesabu. Kila herufi ya Kiebrania ni namba pia: alefu 1, betu 2, hadi tavu 400. Neno la "moja", echad, ni 1 na 8 na 4, jumla 13; neno la "upendo", ahava, ni 1 na 5 na 2 na 5, jumla 13, kwa hiyo wafuasi wa hesabu hiyo huyaona kuwa ndugu. Wenye kujua hesabu ya abjadi pwani kwetu wataitambua mara moja, maana ni mpangilio wa asili moja. Rothenberg alihesabu majina ya kambi za mauaji, akatafuta katika Torati maneno yenye jumla hiyohiyo, akayafanya mishororo. Shairi linatoka baridi, limevunjika, na mtunzi hana nafasi ya kulia kwa niaba ya mtu.

Nauheshimu ukali huo kwa sababu nimesoma mashairi mengi ya upande wa pili, yale ya vifaa. Moshi, treni, viatu, nyota ya njano, bomba la moshi tena. Kila kifaa ni cha kweli na kila kimoja kimeshatumika mpaka hakikwaruzi. Anayeviorodhesha anadhani anakumbuka, kumbe anakumbuka picha za makumbusho. Ugonjwa mwingine ni kulipa shairi jina la "Kadishi" kisha kuandika maombolezo matupu. Kadishi, sala ambayo Myahudi humsomea mzazi wake kwa miezi 11, iko kwa Kiaramu na haitaji kifo wala marehemu popote. Ni sifa kwa Mungu tu, na haisomwi mpaka wawepo watu 10 wa kuitikia "amen". Allen Ginsberg alimwandikia mama yake shairi la jina hilo, lililotoka katika kitabu cha 1961, na sababu mojawapo ni kwamba mazikoni hawakutimia watu 10. Jina lile ni deni linalolipwa.

"Amen" hiyo ndiyo inayofungua kitabu cha mwisho cha Yehuda Amichai, cha mwaka 1998. Amichai alizaliwa Würzburg, Ujerumani, mwaka 1924, familia yake ikaondoka mapema. Juu ya meza ya mwenye kusema kuna kipande cha jiwe chenye neno Amen, kilichobaki kutoka makaburi ya Kiyahudi yaliyovunjwa. Vipande vingine maelfu vimetawanyika, na mtu mmoja mpole anavikusanya, anavisafisha, anavipiga picha kimoja kimoja, anavipanga sakafuni kama fumbo la vipande ili kila kaburi lipate jiwe lake. Hakuna treni. Kuna kiitikio kilichobaki baada ya sala yenyewe kupotea.

Kwa Kiswahili shairi hili lina mtego ambao sijauona katika lugha nyingine. Wakristo wetu huitikia "Amina", Waislamu "Amin" au "Amina", na yote mawili ni majina ya watu. Andika kwamba juu ya meza kuna kipande cha jiwe la kaburi kilichochongwa "Amina", na msomaji atadhani hilo ni jina la mwanamke aliyezikwa. Atamwonea huruma na ataendelea kusoma akimtafuta. Mfasiri anaweza kubaki na "Amen" ya Kiebrania, ambayo makanisani inajulikana. Anaweza kuongeza "kiitikio" kabla ya neno, "lenye kiitikio Amina", na kukubali mshororo urefuke. Ningechagua hili la pili, kisha ningeacha neno lenyewe liwe la mwisho kwenye mstari, pasiwe na kitu mbele yake.